Maneno Yasiyo na Picha

1.

NA

(Kadi ya manila, urefu wa kiganja. Wino mweusi. Nyuma yake hakuna kitu.)


2. Mwalimu Eliwaza, darasa la kwanza, anasimulia

Niliinua hiyo kadi Jumatatu asubuhi, nikawaambia watoto: neno hili hatulikati silabi, hatuliimbi. Tunalitazama tu, kama unavyomtazama mtu unayemjua. Likikuita, simama.

Wakasimama wasichana saba.

Nikadhani wameingiliwa na siafu. Nikauliza, nyie vipi, mbona mnainuka kundi zima? Namkunda, ambaye mdomo wake haujui likizo, akanijibu: "Mwalimu, si umetuita?"

Na kweli nilikuwa nimewaita. Hapa kwetu Upareni mtoto wa kike hupewa jina lenye mwanzo huo bila hata watu kuumiza kichwa:

NAmkunda
NAelijwa
NAkiete
NAnzia
NAkundwa
NAmsifu
NAkijwa

Miaka ishirini na minane nafundisha kusoma kwenye milima hii, nimeita majina hayo kila asubuhi, na sikuwahi kuliona hilo neno limekaa pale mbele. Kha! Nikabaki na kadi yangu hewani. Halafu Mbazi, mtoto wa kiume wa dawati la mbele, akalalamika: "Mwalimu, na sisi je?"

"Umeshalitumia, baba. Kaa chini."

Wakakaa sita. Mmoja akabaki wima, macho kwenye kadi. Nakijwa.

Ngoja nikwambie Nakijwa ni nani. Ana miaka minane na yuko darasa la kwanza kwa mwaka wa pili. Katika miaka hiyo miwili hajafungua mdomo mbele yangu hata mara moja. Akitaka kwenda chooni, ananyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nikimwita jina, anatazama chini. Siku hiyo kadi ilimwita, naye aliitika kwa miguu.


3. Tangazo, ubao wa ofisi

SHULE YA MSINGI IKONGWE

Walimu wote mnaarifiwa kwamba upimaji wa kusoma kwa darasa la kwanza utafanyika Jumatano, tarehe 19 ya mwezi huu, kuanzia saa tatu kamili asubuhi.

Mwanafunzi anayerudia darasa ambaye hatasoma kwa sauti maneno yasiyopungua kumi (10) atahamishiwa kitengo cha wanafunzi viziwi, bweni, kule tambarare.

Wanaohusika: 1 (mmoja).
Jina: Nakijwa Elinami.
Sababu: Haongei. Inaaminika hasikii.

Mwalimu Mkuu,
J. Mrutu


4. Baba Nakijwa, mkulima wa tangawizi, mlangoni mwa darasa

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Baba Nakijwa. Karibu ndani."

"Nina matope. Nitasimama hapa hapa." Akavua kofia. "Nimeliona tangazo. Nimelisoma mara mbili."

"Hata mimi."

"Mwalimu, huyu mtoto anasikia. Nyumbani anaongea mpaka unamwomba apumzike. Anawasimulia mbuzi. Jana kanikosoa mimi, eti nimeimba vibaya."

"Najua anasikia. Nikiangusha chaki nyuma yake, anageuka."

"Sasa kwa nini wameandika hivyo?"

Nikajipangusa chaki mikononi. Kitengo chenyewe si jela; walimu wake nawajua, wana moyo, na watoto viziwi wanasoma vizuri pale. Lakini wanasoma kwa ishara za mikono. Mtoto anayesikia, anayeongea na mbuzi wa kwao tu, akalale huko muhula mzima?

"Huko," akasema Baba Nakijwa, "nani atajua kwamba anaongea?"

Akavaa kofia yake, akaivua tena.


5. Orodha, upande wa kushoto wa ubao (isifutwe!!)

na
ya
wa
la
cha
kwa
ni
si

Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto: *kuku*. Na picha ya kuku, ambaye ana miguu minne.


6. Chumba cha walimu, chai ya saa nne

— …wanarukaruka tu huko ndani. Nimepita mara tatu, mara tatu nimekuta meza zimesukumwa ukutani.

— Anafundisha kusoma?

— Anacheza, mwenzangu. Kombolela. Na kopo.

— Mimi nilifundishwa ba be bi bo bu, na leo ni mwalimu mkuu.

— Mwalimu Mrutu, wewe hata sasa unasoma barua za wilaya unatingisha kichwa, ba, be…

(kicheko)

— Silabi kwanza, maneno baadaye. Ndivyo ilivyo. Haya maneno madogo mtoto atayaokota mwenyewe njiani.

— Asipoyaokota?

— Sukari iko wapi?


7. Kanuni za mchezo (karatasi ya manila, imebandikwa kwa uji mzito)

KOMBOLELA YA MANENO

Mmoja anafumba macho na kuhesabu mpaka ishirini. Bila kuchungulia, Mbazi.

Wengine wanaficha kadi: nyasini, chini ya jiwe, kwenye uzio, popote ila kisimani.

Mkianza kutafuta, ukiiona kadi usiiguse kwanza. Itazame. Ulijue neno ukiwa bado umesimama mbali.

Kimbia nayo mpaka kwenye kopo. Lipige teke! Taja neno kwa nguvu, milima isikie.

Ukilikosea neno, lirudishe ulikolitoa. Usilie.

Asiyetaka kutaja, agonge kopo kwa mkono. Kopo litamsemea.

(Hiyo ya mwisho niliiandika kwa ajili ya mtu mmoja, na darasa zima lilijua ni nani, na hakuna aliyecheka. Wakati mwingine watoto wanakuwa na adabu mpaka unashtuka.)


8. Neno lenyewe linaongea na wewe

Wewe unayesoma. Ndiyo, wewe.

Tangu ulipoanza umenipita mara nyingi, hukunisalimia. Sikulaumu. Ndivyo nilivyofundishwa kukaa, kimya, katikati, nisionekane. Wananiita neno la kutambuliwa kwa jicho, na jicho lenyewe likishanijua, halinioni tena.

Sina picha. Mwambie mchoraji akuchoree kuku na bata. Atachora kuku. Atachora bata. Mimi atanichora wapi? Kuku atakuwa na manyoya, bata atakuwa na mdomo bapa, mimi nitakuwa ile karatasi nyeupe iliyobaki kati yao.

Nitoe, uone:

Baba          mama

Chai          maandazi

Wewe          mimi

Umeona kulivyo na baridi hapo katikati?

Na mimi ni

Basi. Nisijisifu. Ninao wenzangu saba, na wao wanafanya kazi kunishinda.


9. Sentensi ya watu (Mwalimu Eliwaza)

Wiki ya pili nilileta mchezo mwingine. Kila mtoto ananing'iniziwa neno kifuani, wanapangana mstari, wanakuwa sentensi. Mbazi nikampa KUKU, yenye picha. Namkunda nikampa BATA, naye hakungoja kuambiwa, akaanza kutembea kibata. Nanzia akawa MBUZI. Kila mtu anataka kadi yenye picha, unajua watoto. Zile ndogo zikabaki mezani zimepangwa, hakuna anayezitaka.

Nakijwa akatoka kwenye dawati lake. Akapita mbele ya watu wote hamsini na watatu. Akachukua NA, akajivika mwenyewe.

Akaenda akasimama katikati ya kuku na bata. Akamshika kuku mkono huu, bata mkono huu.

Darasa likasoma: kuku NA bata.

Vizuri, nikasema. Nikadhani mchezo umeisha. Mimi ndiye mwalimu, lakini siku ile ndiye niliyekuwa sijui kitu.

Akauunganisha mkono wa kuku na mkono wa bata, akaupigapiga kidogo kama mtu anayegandisha gundi, akasogea. Akamshika bata, akamshika mbuzi.

kuku na bata
             NA mbuzi

Akasogea.

kuku na bata na mbuzi
                                   NA Nakiete

ambaye hakuwa na kadi yoyote. Akasogea. Dawati la kwanza. Dawati la pili. Kila akifika katikati ya watu wawili darasa linapiga kelele, NA! Anawaacha wameshikana, anakwenda kwa wengine. Wale wawili waliopigania kifutio tangu asubuhi, NA! Msamvu aliyekuwa akinuka mkojo na hakuna aliyekaa naye, NA! Akafika mlangoni na bado watoto hawajaisha. Akafika kwangu. Akanishika.

Ndipo Mwalimu Mrutu akatokea kugomba, kwa sababu ya kelele. Sikuwa naongea naye tangu Ijumaa, alipobandika lile tangazo. Nakijwa akamtazama kifuani, akatafuta kadi, hakuiona. Akauchukua mkono wake hivyo hivyo, akauweka ndani ya mkono wangu.

NA!

Loh. Mwalimu Mkuu mzima, na chaki sikioni.

Tukatoka wote mpaka mlingotini. Mstari ulipinda uwanja mzima. Nakijwa alikuwa mwishoni na mkono mmoja umebaki mtupu, ameunyoosha upande wa bonde, anatafuta wa kumshika. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa muda wote ule. Na alikuwa ametunga sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisoma.

Niliogopa. Nakwambia ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimekata kadi zile kwa mkasi wangu mwenyewe, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujua nimeandika nini.


10. Kutoka kwenye fomu ya upimaji

MAAGIZO KWA MPIMAJI

1. Mpe mwanafunzi kifungu. Mwambie asome kwa sauti.
2. Usimsaidie. Mwalimu wa darasa anaruhusiwa kuwepo lakini haruhusiwi kusema wala kuashiria.
3. Weka alama moja kwa kila neno lililosomwa kwa usahihi.
4. Maneno ya silabi moja hayahesabiwi.

KIFUNGU

Mama wa Zawadi ni mkulima. Shamba la mama ni kubwa na zuri. Leo ni siku ya soko. Mama na Zawadi wanakwenda kwa miguu. Kikapu cha mama ni kizito. Kikapu cha Zawadi si kizito.

MATOKEO (tia tiki sehemu moja tu)

ANABAKI ☐          ANAHAMISHWA ☐


11. Bwana Kiondo, mpimaji, anaeleza

Kazi yangu ni kusikiliza na kuweka alama. Watoto hamsini na wawili walikwisha kusoma. Wengine vizuri, wengine kwa kubahatisha. Huyu aliletwa wa mwisho.

Nilimpa karatasi. Nikamwambia, soma, mama. Akatazama chini.

Dakika moja.

Dakika mbili.

Dirishani kulikuwa na vichwa. Mlangoni alisimama baba mmoja ameshika kofia. Mwalimu wa darasa alikuwa amekaa juu ya mikono yake mwenyewe, nadhani kwa ajili ya agizo namba mbili.

Nikaanza kuandika sifuri. Nilikuwa nimefika nusu ya duara pale mtoto alipoweka kidole kwenye karatasi.


12. Alichokisoma

           wa                 ni
                    la              ni
        na
              ni          ya
    na                                   kwa
                cha          ni
          cha

                              si


13. Mwalimu Eliwaza

Sauti ile! Nilidhani itakuwa nyembamba, ya mtoto aliyejificha. Kumbe nzito, ya mama mtu mzima anayeita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Miaka miwili ilikuwa imekaa mle ndani inasubiri. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, maana mikono nilikuwa nimeikalia.

Alipita juu ya mama, juu ya Zawadi, juu ya shamba na soko, hakuyagusa. Alikuwa akiwatafuta wale wake tu, na kila alipomwona mmoja alimtaja kwa jina. Kumi na tatu! Hakukosea hata mmoja. Dirishani watoto wakashindwa kujizuia, kila neno wanapiga kelele, Baba Nakijwa mlangoni akaitafuna kofia yake. Nakwambia, aliing'ata.

Nikasimama. "Kumi na tatu, Bwana Kiondo. Walitaka kumi."

Akanionyesha fomu. "Agizo namba nne, mwalimu."

"Nimelisoma."

"Maneno ya silabi moja hayahesabiwi. Ni viunganishi tu."

"Tu?"

"Mwalimu, fomu sikuitunga mimi."

"Sawa. Hukuitunga. Sasa hebu andika taarifa yako hapa hapa, mbele yangu. Lakini hayo yasiyohesabiwa usiyatumie. Hata moja. Si hayana thamani?"

Mwalimu Mrutu akakohoa kule nyuma. Nilijua maana ya kikohozi kile, nikakipuuza. Nilikuwa nimewaka.

Nilidhani Bwana Kiondo atafunga mkoba wake aondoke. Akavuta karatasi.


14. Taarifa (rasimu)

TAARIFA        UPIMAJI

Mwanafunzi Nakijwa, msichana        miaka minane,        darasa        kwanza, alipimwa leo tarehe kumi        tisa, mbele        mwalimu wake. Alisoma        sauti. Uamuzi        mpimaji        kama ufuatao:

Mwanafunzi        kiziwi.


15. Bwana Kiondo

Hapo kalamu yangu ikasimama.

Niliitazama ile nafasi. Ilikuwa na upana wa herufi mbili. Ukitia hizi, mtoto anapakiwa kesho kupelekwa tambarare. Ukitia zile, anarudi nyumbani leo na baba yake. Nimeandika taarifa miaka kumi na sita, na sikumbuki siku niliyotazama herufi mbili nikatokwa na jasho.

Mtoto alikuwa amekuja kusimama pembeni yangu. Aliitazama ile nafasi tupu. Akaweka kidole pale pale. Akasema:

"Si."

Hakuna aliyemwuliza.


16. Mwalimu Eliwaza, na baada ya hapa sina zaidi

Bwana Kiondo aliweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akasema maagizo hawezi kuyabadilisha, na kwamba akipeleka sifuri kitengo kitampokea mtoto, na akipeleka kumi na tatu fomu itarudishwa. Akasema anataka neno moja. Moja tu, lenye silabi zaidi ya moja, alisikie kwa masikio yake. Atakayeuliza, amwulize yeye.

Akamgeuzia Nakijwa ile fomu. Akamwekea kidole chini kabisa, kwenye yale maneno mawili, ANABAKI na ANAHAMISHWA.

"Nisomee mojawapo, mama. Utakalolisoma, hilo nitalitia tiki, na nitatia sahihi yangu."

Nilitaka kupiga kelele. Maneno mawili yale sikuwahi kumfundisha, hayamo kwenye kadi yangu hata moja. Na yote mawili yana mwanzo ule ule, yanatembea pamoja silabi mbili nzima kabla ya kuachana. Sikuruhusiwa kusema. Sikuruhusiwa hata kukunja uso. Baba yake pale mlangoni aliirudisha kofia mdomoni. Dirishani Namkunda aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, jambo ambalo sijawahi kuliona na sidhani nitaliona tena.

Nakijwa akatazama neno la kwanza. Akatazama la pili. Akarudi.

Nikamwona anapolipata. Mwanga ulimjia usoni, yaani nilimwona kabisa. Lilikuwepo, ndani, limejificha kwenye neno refu, herufi ya pili na ya tatu.

"Na," akasema.

Bwana Kiondo akangoja.

Kidole kikarudi nyuma hatua moja.

"A."

"A… na."

"Ana."

Kidole chake kilikuwa katikati ya yale maneno mawili, kwenye karatasi nyeupe.

Sasa nisikilize, wewe uliyenifuata mpaka hapa. Mimi ni mwalimu wa kusoma, najua midomo. *Ha* hutoka mdomo ukiwa wazi, ni pumzi tu, hata usingizini mtu huitoa. Lakini *ba* haiwezi kutoka hivyo. Kwa *ba*, lazima midomo ikutane kwanza.

Nilimtazama mdomoni. Wote tulimtazama mdomoni.

Midomo yake ikakutana.

Tukasubiri.